Nimejiandikia Barua ya Wito, na Mlalamikaji ni Mume Wangu

Mpendwa mshauri wetu wa Jumamosi, nakusalimu katika jina la Bwana na naomba msaada wako nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ndani ya chumba cha mafaili, maana ndipo mahali pekee ambapo hakuna atakayeniuliza ninaandika nini, na tafadhali nijibu humu humu gazetini, usinipigie, simu yangu nyumbani hushikwa na kila mwenye mkono.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, watoto wangu watatu wote wameshaanza maisha yao, nimeokoka, naongoza maombi ya akina mama kila Jumatano, na huu ni mwaka wangu wa tatu nasoma ustawi wa jamii katika chuo kikuu cha serikali. Usishangae. Shuleni niliishia kidato cha nne na matokeo ya kuonea haya, lakini miaka yote watu wameniletea matatizo yao, wenye ndoa, wenye watoto watoro, wenye mawifi, mpaka mchungaji akasema, mama, hiki unachokifanya sebuleni kwako kuna watu wamekisomea, ndipo nikafanya mtihani wa watu wazima wa kuingia chuo, nikapita, na siku ya kwanza nilipoingia darasani wanafunzi wote wakasimama wakidhani mimi ndiye mhadhiri, nikawaambia kaeni wanangu, hata mimi natafuta kiti.

Mume wangu ni fundi friji. Karakana yake iko uani kwetu, na tumeishi pamoja miaka ishirini na sita katika nyumba ya kelele, si kelele za kupigana, hapana, huyu baba hajawahi kuninyanyulia mkono, ni kelele za kusemezana tu, yeye anasema, mimi nasema juu yake, yeye anasema juu yangu, chai inapoa, tunacheka, mambo yameisha. Majirani zetu wakisikia kimya huja kuuliza nani anaumwa.

Sasa mwaka huu tukafika kwenye somo la mahojiano, analofundisha mhadhiri mmoja mpole sana tunayemwita Mwalimu Tulia, kwa sababu kila mwanafunzi akifungua mdomo yeye husema, tulia kwanza, umemsikia? Anatufundisha kwamba mtu akikuletea shida usimrukie na ushauri, usimkatize, usimhukumu, mkalie umemwelekea, tikisa kichwa kidogo, rudia maneno yake ili ajue yamefika, muulize swali ambalo haliishii kwenye ndiyo au hapana, halafu nyamaza, na uamuzi mwachie yeye. Mshauri, hili somo lilinichoma, kwa kuwa miaka yote nilikuwa nawaambia watu la kufanya hata hawajamaliza salamu. Nilitubu kabisa. Na Mwalimu Tulia akatupa zoezi la kusikiliza mazungumzo arobaini na kuyaandika daftarini. Wenzangu wakaenda kwa marafiki zao. Mimi nikajiuliza, arobaini nitayatoa wapi kama si kwa mtu ninayekula naye meza moja?

Nikaanza siku hiyo hiyo. Baba watoto akaonja mchuzi, akasema, "Chumvi imezidi."

Zamani ningemwambia ulimi wako ndio umezidi. Lakini nikaweka kijiko chini, nikamwelekea, nikamwambia, "Nasikia unasema chumvi imezidi."

"Ndiyo. Nimesema hivyo sasa hivi."

"Na hilo linakufanya ujisikieje?"

"Linanifanya nisikie chumvi, mama watoto! Una nini wewe leo?"

Nikatikisa kichwa kidogo, nikanyamaza. Akala akimaliza kila tonge ananitazama. Niliandika daftarini: mazungumzo namba moja, mteja ameonyesha hisia.

Mambo yakaendelea hivyo miezi minne, maana nilipomaliza arobaini nikaona nimenogewa, nikasema hii ndiyo tabia ya upole tuliyohubiriwa, niitunze. Akilalamika kuhusu mteja wake aliyerudisha friji, narudia maneno yake. Akipandisha sauti, nashusha yangu. Halafu siku moja akaja amefurahi, akaniambia kuna hoteli inafungwa, wanaondoa friza saba kubwa, zote mbovu, anataka kuzichukua azitengeneze. Mshauri, unajua friza ya hoteli ilivyo? Ni kama jeneza la watu wawili. Na uani kwetu hapana nafasi ya kuanikia hata shuka. Moyoni nilipiga yowe. Lakini nikakumbuka somo, nikamwambia, "Wewe mwenyewe unaona njia ipi inakufaa?"

Akauliza, "Hunikatazi?"

"Uamuzi ni wako, baba watoto."

Akaondoka kinyonge kama mtu aliyefukuzwa. Kesho yake zikaja zote saba, na tangu siku hiyo kutoka jikoni kwenda bafuni tunapita kiubavu. Naye akaanza kupoa. Akawa anakula karakanani. Nikimuuliza anasema ana kazi nyingi. Nikimweleza ya chuo anasema, "Mambo ya chuo yabaki chuoni." Kwa hiyo hata nilipohamishwa mafunzo yangu ya vitendo, maana nilikuwa kwenye kituo cha watoto kikafungwa kwa matengenezo ya paa, nikaletwa huku ofisi ya ustawi wa jamii kumalizia wiki sita, sikumwambia. Sikuficha kwa nia mbaya. Hakuuliza, nami nikawa namheshimu asiyetaka kuzungumza, ndivyo kitabu kinavyosema.

Hapa ofisini msimamizi wangu ni binti wa umri wa kifungua mimba wangu, mchapakazi, ananiita mama nami namwita bosi. Wiki ya pili akaniwekea faili mezani akaniambia, "Mama, mlalamikaji huyu alikuja jana ulipokuwa chuoni. Lisome, uandike maoni yako mwishoni, tuone umeiva kiasi gani." Nikalifungua. Mlalamikaji, mwanamume, fundi. Nikaendelea, kwani mafundi ni wengi. Anasema mke wake amebadilika tangu aanze masomo. Nikasema pole yake. Mstari wa nne nikakuta friza saba.

Mshauri, kiti kilizunguka, na si kiti cha kuzunguka.

Siku ya kwanza kabisa chuoni tuliambiwa, ukikuta faili la ndugu, rafiki au jirani, lifunge, lipeleke kwa msimamizi, sema hili mimi siruhusiwi kuligusa. Na sheria ile niliinakili kwa kalamu nyekundu. Mbele za Mungu nakiri, sikulifunga. Nililisoma lote, nikalisoma tena, kisha nikalisoma nikiwa nimesimama.

Amesema mke wake hagombi tena. Amesema, "Ni kama friji iliyokatika gesi, ukifungua taa inawaka, ukiingiza mkono hamna baridi." Amesema alileta friza saba ambazo hana hata haja nazo, akitaka tu akatazwe, akaambiwa aamue mwenyewe. Kisha amesema, na haya yako kwa mwandiko wa bosi wangu neno kwa neno, "Mimi si mtu wa shule. Naona amemaliza haja na mimi, ila anaogopa kusema kwa ajili ya kanisa. Nataka ofisi imwambie yuko huru, nitahamia karakanani moja kwa moja, asije akanibeba kama mzigo." Pembeni bosi ameandika: mlalamikaji alitokwa na machozi, akasema ni gesi ya friji.

Mimi huyu baba hajawahi kulia mbele yangu. Hata alipomzika mama yake alisema ni vumbi.

Sasa sikia nilivyoongeza dhambi juu ya dhambi. Badala ya kwenda kwa bosi nikaogopa, na katika ile hofu ikaniingia tamaa ya kujitetea, basi mwishoni mwa faili, mahali palipoandikwa maoni ya mwanafunzi, nikaandika hivi: "Mke anaonekana ni mwanamke mvumilivu, mcha Mungu, anayempenda mume wake kuliko anavyoweza kueleza, na mpishi mzuri."

Bosi akasoma, akainua nyusi. "Hili la mpishi mzuri umelitoa wapi, mama?"

"Nimehisi tu, bosi."

"Mama, una jicho! Kuna watu wana miaka kumi kazini hawana jicho kama hilo." Akafurahi mpaka akampigia simu Mwalimu Tulia nikisikia. Kisha akasema, "Kesi hii utaiendesha wewe mwenyewe. Mke na mume tutawaita pamoja, Jumanne ya mwisho wa mwezi, siku ambayo mwalimu wako anakuja kukupima. Mwandikie mke barua ya wito." Hakujua kwamba mke huyo ni mimi. Mume wangu ameniandikisha kwa jina la ukoo wake, na mimi chuoni natumia jina la baba yangu lililo kwenye cheti cha shule.

Nikaiandika. Kwa mkono wangu huu ninaounyanyua madhabahuni, nikaandika "unatakiwa kufika bila kukosa", nikagonga muhuri, ukafifia, nikagonga tena.

Barua hupewa mlalamikaji akampe mwenzake. Alipokuja kuichukua nilijificha nyuma ya makabati, nikamsikia anamuuliza bosi, "Na akikataa kuja?" Bosi akamwambia hatakataa. Baba watoto akacheka kicheko kibaya, akasema, "Kweli. Yule sasa hivi hakatai kitu."

Ni siku tisa sasa na hajanipa. Nilipofua ovaroli yake niliikuta mfukoni, imekunjwa mara nne, nikaitoa isilowe, nikafua, nikaanika, nikapiga pasi, nikairudisha mle mle. Karibu kila jioni anasimama mlangoni, anakohoa, anasema, "Mama watoto."

"Naam, baba watoto."

Nasubiri. Natikisa kichwa kidogo kumtia moyo. Anatazama miguu yake. "Basi. Nilitaka kujua kama kuna sabuni." Anaondoka na sabuni. Karakanani sasa kuna miche saba.

Sina pa kusemea. Binti ninayekaa naye darasani, ambaye nilimdokeza bila kutaja nani ni nani, amesema, "Mamangu, Jumanne we umwa tumbo tu, mimi nitakushikia zamu." Maombi ya akina mama siwezi kupeleka, kwa sababu nikisema niombeeni jambo lisilosemeka, ifikapo Alhamisi litakuwa limesemeka. Nimefunga siku mbili, nimepata njaa, jibu bado.

Nikimwambia bosi, mafunzo yangu yanafutwa, narudia mwaka ujao nikiwa na miaka hamsini, na labda chuo kinaniona sifai. Nikimwambia mume wangu, atajua nimesoma machozi yake kabla hajataka niyaone, na kwa alivyo na haya anaweza asirudi ndani tena. Nikinyamaza, Jumanne atafungua mlango akitegemea kukutana na afisa, anikute mimi mezani na faili lake mbele yangu na Mwalimu Tulia pembeni anatoa maksi. Mimi nampenda huyu mwanamume, mshauri. Nilikuwa namsikiliza kwa upendo wote. Nifanye nini, na hiyo Jumanne nikae kiti kipi?

Ni mimi dada yako katika imani,
Mama wa Chumba cha Mafaili.


MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Chumba cha Mafaili, soma jibu hili ukiwa umesimama, maana huna muda wa kukaa. Jina umelificha vizuri, mtaa umeuficha, kanisa umelificha. Friza saba uani je? Gazeti hili limetoka asubuhi ya leo, na hapo ulipofika kusoma, nusu ya majirani zako wameshajua ni nyumba ipi. Aliyebaki ni mwenye nyumba, mumeo. Kwa hiyo usinisome kwa kurudiarudia kama ulivyosoma lile faili.

Nianze na pole, kwa sababu unastahili. Umeingia darasani na watoto wa umri wa wanao, ukafundishwa jambo jema, ukalibeba mpaka nyumbani kwa moyo safi. Wanafunzi wengi somo hulisahau getini. Wewe ulilipeleka mpaka kwenye mchuzi. Sikucheki kwa hilo. Sawa, nimecheka, lakini kwa hilo la mchuzi tu.

Pole imeisha. Sasa tusemezane.

Mwalimu wako hakukosea. Yale ya kutikisa kichwa na kumwachia mtu uamuzi ni ya kazini, kwa mtu aliyekuja kwako akiwa hakujui, anayeogopa utamtawala. Anakuja, anasema, anakwenda zake. Huyo wa nyumbani hakukuoa umrudishie maneno yake. Maneno yake anayajua, ameyasema mwenyewe! Alikuwa anataka yako. Miaka ishirini na sita mtu amezoea kurusha neno na kurushiwa, halafu ghafla anarusha, linadondoka chini, na wewe unaandika daftarini kwamba limedondoka. Ulimfanya zoezi, bibi. Tena bila kumwambia. Ungemwambia tangu siku ya kwanza, "Baba watoto, chuo kimenipa kazi ya kusikiliza, nivumilie," angekucheka wiki nzima na leo uani pangekuwa na nafasi ya shuka.

Tuje kwenye faili, na hapa sitakubembeleza. Ulipofika kwenye zile friza ulijua. Sheria uliiandika kwa wino mwekundu, ukaivunja kwa macho makavu, mara tatu, mojawapo umesimama. Unaniandikia kana kwamba kosa lako ni kuogopa. Kuogopa si kosa. Kosa ni kwamba mtu alikwenda kwenye chumba chenye mlango akasema jambo ambalo hajamwambia mtu mwingine duniani, akaahidiwa kwamba litabaki mle, na wewe ukalichukua. Eti mpishi mzuri! Mwanamume analia wewe unajipakia sifa za sufuria? Umepata sifa ya kuwa na jicho kwa kesi ambayo unalala nayo kitanda kimoja. Hiyo sifa irudishe, si yako.

Na Jumanne usiumwe. Huyo binti wa darasani mwambie abaki na tumbo lake. Leo umwa tumbo, kesho yeye atakuwa afisa anayejua unavyokwepa.

Fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu.

Kabla hujavua kitambaa cha kichwa, mpigie bosi wako simu. Ndiyo, leo Jumamosi. Usimzungushe na salamu za ukoo. Mwambie, "Faili la fundi friji ni la nyumba yangu. Nilijua nikalisoma, na maoni niliyoandika nilijitetea." Halafu nyamaza, hapo kunyamaza kunafaa. Atakukasirikia, ana haki. Atakuambia faili lipewe afisa mwingine, na ukurasa wako usichanwe, uandikwe pembeni kwamba haufai na kwa nini, utie saini. Muulize pia ofisi inataka mlalamikaji aelezwe vipi kwamba siri yake imeonwa na mtu asiyestahili kuiona, kwa sababu ile siri si yako kuigawa upendavyo, hata ukiwa mkewe. Akisema yeye ndiye atakayemweleza, uwe umekaa pembeni anapoelezwa. Akikuruhusu umweleze mwenyewe, usingoje jioni.

Mwalimu Tulia naye ajue kutoka kwako, isiwe kutoka kwa watu. Wakifuta mafunzo yako, yafutwe. Utarudia ukiwa na miaka hamsini. Kwani vinginevyo mwaka ujao ungekuwa na mingapi? Mimi ningependa kesi yangu ishikwe na mama wa miaka hamsini na moja aliyewahi kusema "nimekosa" kabla hajakamatwa, kuliko na mwenye cheti kisafi ambaye hajawahi kuulizwa. Na chuo, kama kina akili, kitaona hivyo. Kisipoona, utakuwa umepoteza cheti, jambo linaloumiza, lakini cheti hulali nacho kitanda kimoja.

Sasa mume. Ukishapewa ruhusa hiyo, nenda karakanani, usimwite ndani. Huko ndiko anakojisikia mtu mzima. Usimkalie ukimwelekea, usitikise kichwa, ole wako umuulize anajisikiaje. Anza na lako: "Nimehamishiwa ofisi ile uliyokwenda. Niliona faili lako nikalisoma, na sikuwa na ruhusa. Nisamehe." Usijieleze zaidi. Usilitaje lile la machozi, hata akiwa ameshalisoma humu. Hilo ni lake, akitaka atakupa siku yake. Akikasirika, mwache akasirike. Akitoka nje akatembea, usimfuate na Biblia. Atarudi, vifaa vyake viko hapo.

Akirudi, ndipo umwambie ulichokosea kama mke, kwa sauti yako ile ya zamani, si hii ya chuoni. Mwambie uliona aibu kwa kusema sana ukadhani kunyamaza ndiyo heshima. Kisha mpe maoni yako kamili kuhusu zile friza, yote uliyoyameza, bila kubakiza, kila ubavu uliochubuka ukipita kwenda bafuni. Usiogope kwamba unavunja upole wa Kikristo. Upole hauna maana ya kumwachia mwenzako ajaze uani mitambo ili ajue kama bado yupo moyoni mwako.

Barua ya wito itabaki mfukoni mwake, usiidai. Yeye ndiye aliyelalamika, yeye ndiye wa kuamua kama Jumanne mnakwenda au hamwendi. Mkienda, atawahoji afisa mwingine, na kiti chako ni cha mke. Hakina kalamu wala daftari. Utaulizwa maswali, na utajua mwenyewe jinsi inavyokuwa mtu anapokuuliza swali kisha akanyamaza akikutazama. Hilo somo la vitendo hakuna chuo kitakachokufutia.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nikujibu wiki hii badala ya ijayo. Mtu aliyekwisha kujishawishi kwamba ni mzigo haachi kwa kuombwa radhi mara moja. Atakubali msamaha wako, atashukuru, halafu atakuambia kwa upole wote kwamba lakini wewe sasa ni msomi, yeye ni fundi tu, na ukitaka kwenda uende, hatakuzuia. Ukifika hapo nakuomba kwa jina la huyo Mungu uliyemfungia siku mbili, usirudie maneno yake, na usimwachie aamue.

Mkatalie.